Mistari ya Penseli

9 Januari

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umeacha kulalamika. Mimi sijambo, ila chumba chetu cha kazi kina baridi hadi navaa soksi mbili mbili kama mgonjwa.

Umeniambia jirani yako, fundi cherehani, alikuuliza kazi yangu ni nini, nawe ukamjibu, "Anahesabu nyota." Baba, umeniaibisha. Sihesabu nyota, na wala sizioni. Nakaa ghorofa ya tatu kwenye chumba chenye meza sita, kila mtu kaziba masikio yake kwa muziki wake, naangalia mistari kwenye kompyuta tangu saa tatu asubuhi. Darubini yenyewe iko huko juu angani. Inapima mwanga wa nyota kila baada ya nusu saa na kutuletea namba tu.

Unakumbuka lile bango la hoteli uliloliwekea balbu, mimi nikashika ngazi? Kila mdudu alipopita mbele ya balbu, mwanga ulipungua kidogo kisha ukarudi. Mtu aliye mbali asingemwona mdudu, lakini angekuwa na kifaa cha kupima mwanga angejua kuna kitu kimepita. Sayari za nyota nyingine tunazipata hivyo hivyo. Hakuna aliyeziona. Tunaona tu mwanga wa nyota ukishuka, pengine chini ya sehemu moja kati ya elfu, halafu ukarudi. Kule kupita mbele ya nyota tunakuita mpito. Mwanga ukishuka mara moja tunanyamaza, ukishuka mara ya pili tunanong'onezana. Ofisini kwetu hakuna anayeruhusiwa kutangaza mpaka mara ya tatu, tena siku ile ile iliyotarajiwa.

Mimi nina nyota moja ambayo imeshuka mara mbili. Kati ya mpito wa kwanza na wa pili zimepita siku mia tatu na kumi na mbili, na mpito wa tatu tunautegemea tarehe kumi na nne Agosti. Ukitokea, hiyo itakuwa sayari yangu ya kwanza. Ndiyo maana siwezi kuja mwezi wa pili kama nilivyoahidi, kuna maandalizi mengi. Nisamehe. Nitakuja mpito ukishapita.

Naona bado unaipigia barua mistari ya penseli kwa rula, unaandika juu yake, kisha unaifuta, kama vile ni bango la benki. Nimeinusa karatasi nikasikia harufu ya kifutio. Nimecheka peke yangu chumbani, halafu nikanyamaza kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumweleza ninachocheka.

Mwanao,
Rula


2 Februari

Mwanangu Rula,

Marahaba. Mimi mzima kiasi cha umri wangu. Mgongo haujaacha kulalamika, ila nimeacha kuusikiliza. Fundi cherehani anakusalimu, na nimemsahihishia: huhesabu nyota, unavizia wadudu. Amesema hiyo afadhali.

Kwanza nikukumbushe kwa nini unaitwa Rula, usije ukajisahau huko kwenye soksi zako. Ulikuwa na miaka sita, unanishikia rula ukutani, na hukuwahi kuitikisa hata nzi akitua puani mwako. Watoto wa mafundi wengine walikuwa wanakimbia. Wewe ulisimama mpaka niseme "achia". Mama yako alikuwa akikuonea huruma, mimi nikijivuna. Kwa hiyo ukiniambia unakodolea macho mwanga mmoja siku mia tatu ukingoja upungue, sishangai hata kidogo.

Suala la kuja nimelielewa. Kazi ni kazi. Ila nilitamani sana huo mwezi wa pili. Hapakuwa na jambo lolote, nilitaka tu kukutazama.

Usinishawishi tena na ile simu ya kuonana nyuso. Ninajiona mdogo kama stempu pale pembeni, na kila mtu anapiga kelele. Barua inatosha. Mimi ni mtu wa maandishi, na maneno yakiandikwa nayashika mkononi. Macho yameanza uvivu, nimekwenda kwa daktari akanipa dawa ya matone. Usiniandikie kurasa mbili za mashauri kuhusu hilo. Niandikie kuhusu mdudu wako.

Nyumba ni kubwa tangu mama yako aondoke. Naongea na makopo ya rangi, na yale ya bluu ndiyo yenye adabu.

Ni mimi,
Baba yako


20 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. U hali gani, na makopo hawajambo? Mimi mzima. Nimechelewa kujibu, na sina kisingizio zaidi ya kazi.

Nikueleze shida ya nyota yangu. Haitulii. Ina madoa usoni, na inapojizungusha madoa yanakuja mbele na kurudi nyuma, kwa hiyo mwanga wake unapanda na kushuka polepole hata kama hakuna kilichopita. Sasa ili niuone mpito, lazima kwanza niyaondoe hayo mabadiliko ya polepole. Nimeandika programu inayounyoosha mstari wote uwe kama kamba iliyovutwa. Inachukua kipande cha muda, inatafuta wastani wake, inautoa, inasogea mbele. Mkuu wangu alizoea kutumia vipande vya siku tatu tatu. Mimi nimevifupisha hadi nusu siku, kwa sababu nyota imezidi utundu mwaka huu, na mstari wangu umenyooka kuliko wa mtu yeyote humu ndani. Hapa kwetu kinachobadilika polepole ni takataka. Tunatafuta kile kinachotokea ghafla.

Lakini wewe mzee, umeanza mchezo gani? Barua yako ya safari hii mistari ya penseli hujaifuta. Uzee au uvivu? Ungenifumania mimi nimeacha mistari kwenye bango la mteja ungenifukuza kazi.

Nakutumia picha yangu nikiwa mezani. Aliyepiga ni mfagiaji, ndiye mtu pekee aliyekuwa hajaziba masikio. Kusema kweli Baba, hapa naweza kumaliza Jumatatu hadi Ijumaa bila kutamka neno zaidi ya "asante" dukani. Juzi nilikohoa tu nikashtuka kusikia sauti yangu.

Mwanao,
Rula


6 Juni

Mwanangu Rula,

Marahaba. Nimepata barua na picha. Hali yangu nzuri, nakula, nalala, nabishana.

Picha nimeipeleka dirishani, kisha nikaipeleka nje kwenye jua, kisha nikairudisha dirishani. Mimi nasema umekonda, fundi cherehani anasema hujakonda ila umekata nywele. Kama unaweza, nitumie nyingine iliyo kubwa, kubwa hasa, uso peke yake. Hiyo meza na kompyuta sina shida nazo.

Kuhusu mistari ya penseli, ulinishikia rula, hukunishikia fimbo. Niachie mistari yangu. Naikoza siku hizi ili mkono usitangetange, na nikishaikoza kifutio hakiwezi tena.

Kazi imepungua. Mwenye duka la dawa amerudisha bango, eti herufi zinapanda mlima. Nilimwambia dawa zake zenyewe bei imepanda mlima, bango linasema ukweli. Hakucheka. Nimemrudishia pesa yake, na nimeamua ngazi nisiipande tena, mtu wa umri wangu akidondoka anawapa watu kazi. Kwa miaka arobaini bango la mkono wangu lilikuwa halijawahi kurudishwa, na nakwambia kweli, liliniuma. Nililiegemeza ukutani nikakaa nalo mchana kutwa, nikijaribu kuona kosa liko wapi.

Fundi cherehani anasema kwenye barua zako unatumia maneno magumu, hasa pale pa wastani. Tuandikie sisi watu wa kawaida.

Agosti si mbali. Nimeweka alama ukutani kwa rangi nyekundu, ile tarehe kumi na nne.

Baba yako


30 Septemba

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, mengine siyajui.

Haikupita. Namba za Agosti zimefika wiki iliyopita. Nilizinyoosha, nikafungua tarehe kumi na nne, nikakuta mstari umelala kama sakafu. Nikaangalia tarehe kumi na tatu na kumi na tano, nikarudi nyuma wiki nzima. Hakuna kitu. Mkuu wangu alinishika bega akasema hutokea, nyota nyingi zimewadanganya watu kabla yangu. Halafu akarudi mezani kwake akaziba masikio. Nilikwenda chooni nikalia, nikarudi, na hakuna aliyejua kwamba niliondoka.

Miaka miwili, Baba. Nimekosa mazishi ya shangazi, nimekosa mwezi wa pili ule, kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Nilisema nitakuja ikishapita, na haikupita. Disemba pia sitakuja. Naona haya kuja mikono mitupu, watu waniulize sayari iko wapi. Nipe muda.

Naona umeacha kalamu ya kawaida, sasa unaniandikia kwa ile ya wino mnene ya kuandikia maboksi, maneno matano yanajaza ukurasa. Unanifokea? Barua nzima ilikuwa kama bango la kuzuia magari. Ilinichekesha siku ambayo sikutegemea kucheka, kwa hiyo ahsante.

Picha kubwa nitatafuta mtu wa kunipiga.

Mwanao,
Rula


12 Novemba

Rula mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Njoo mikono mitupu. Mikono ndiyo ninayoitaka.

Fundi cherehani alisikitika sana alipofika pale pa chooni, akanyamaza, nikamwambia endelea.

Nikuulize kitu cha ufundi. Huko kunyoosha, huwa hunyooshi kupita kiasi? Mimi nikiletewa bango la zamani nipake upya, kwanza nalipiga msasa liwe laini. Mara mbili maishani nilipiga kwa bidii, nikalifurahia lilivyo laini, kumbe nimeondoa na maandishi ya chini ambayo mteja aliyataka. Mbao ilikuwa nzuri mno. Uzuri ule ndio uliopaswa kunishtua.

Angalia tena.

Baba


8 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui niulize hali yako kwa maneno gani, kwa hiyo nitaanza na yangu.

Barua yako ilikaa mezani wiki sita. Nilikuwa sitaki kusikia habari ya nyota wala ya msasa. Mwezi uliopita, siku ya mvua ambayo nilikuwa sina la kufanya, nilizichukua namba za Agosti kama zilivyokuja, kabla hazijanyooshwa, nikazinyoosha kwa vipande vya siku tatu kama mkuu wangu. Ilikuwepo. Tarehe kumi na nne, saa ile ile. Mpito wa sayari hii unachukua saa kumi na moja, na mimi nilikuwa nikikata vipande vya nusu siku, basi programu ikaudhani ni moja ya yale ya polepole, ikaunyoosha ukalala. Mstari wangu ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote kwa sababu nilikuwa nimefuta kila kitu.

Nilisimama nikapiga kelele. Watu watano wakatoa vizibo masikioni kwa mara ya kwanza. Mkuu wangu ameangalia mwenyewe mara nne, na sasa tunaandika tangazo. Nikachukua karatasi nikuandikie kwamba msasa wako umeipata sayari.

Nikataka kunakili maneno yako sawasawa, nikazitoa barua zako kwenye boksi. Kila barua yako nilikuwa nimeisoma nikiilinganisha na ile iliyotangulia tu, na kati ya moja na nyingine tofauti ilikuwa ndogo, ya kutania. Safari hii nilizipanga zote sakafuni, ya kwanza hadi ya mwisho. Mistari iliyofutwa. Mistari isiyofutwa. Mistari iliyokozwa. Wino mnene. Na hii ya Novemba, ambayo sentensi ya mwisho na jina lako vimepandana, neno juu ya neno. Nilidhani ulikuwa na haraka, Baba. Haraka ya kwenda wapi?

"Alipofika pale pa chooni, akanyamaza, nikamwambia endelea." Nimeisoma mara ishirini. Fundi cherehani ndiye anayekusomea. Tangu lini?

Dada fundi cherehani, kama ni wewe unayesoma hapa, ahsante, na naomba umsomee polepole. Baba, nilitania. Kila barua nilitania. Ulinitaka nije unitazame, ukaniomba uso peke yake, kubwa, na picha sikutuma. Nijibu ukweli. Unaona nini?

Mwanao


1 Machi

Mwanangu Rula,

Marahaba, na pongezi. Nimempelekea habari kila anayepita, hata asiyejua nyota ni nini. Nimefurahi hadi nikaimba, na makopo yameshuhudia.

Hii naiandika mwenyewe. Nimekata kadibodi ngumu, nikaichonga matundu marefu kama madirisha, moja chini ya jingine, naiweka juu ya karatasi na kalamu haitoki nje ya dirisha lake. Nilitumia kucha na kisu. Ufundi haujaondoka, umehamia vidoleni.

Umeuliza, nakujibu. Ni presha ya macho. Ilianza pembeni, ikawa inakuja katikati taratibu, na daktari alisema kilichokwenda hakirudi, matone yanaweza kuichelewesha tu. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kila kitu ukaja, na mdudu wako angepita huna habari. Niliamua mwenyewe. Usijipige. Hata mimi niliyekuwa ndani ya macho haya sikujua siku ipi barua zako zilinishinda. Fundi cherehani anasema ni mwezi wa sita.

Ninachoona sasa ni mwanga na kutokuwa na mwanga. Nakaa nikielekea mlango ukiwa wazi. Mtu akisimama mlangoni, mwanga unapungua. Akiondoka unarudi. Usinicheke, lakini nimeshika kazi yako bila kusomea. Simjui mtu, najua kwamba kuna kitu kimepita mbele ya nyota.

Nimeshakosea mara mbili. Mara ya kwanza niliinuka nikasema, "Rula, umekuja?" Alikuwa Bwana Barua, ameleta ankara ya maji. Akajikaza, akasema, "Bado mzee." Mara ya pili alikuwa fundi cherehani na kitambaa begani, na alilia, ikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Siku mbili zile zilinitesa kuliko daktari.

Picha usitume tena. Ila mikono mitupu bado naingoja.

Baba yako


5 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Nilifika salama kutoka huko nyumbani. Chumba nimekikuta kama nilivyokiacha, hata kikombe kilikuwa na chai ile ile, imeota ngozi. Naandika kwa herufi za kawaida kwa sababu msomaji wetu amezizoea. Dada, nakusalimu, na kanzu uliyonishonea imenikaa vizuri.

Mkuu wangu amekubali. Namba zinafika popote penye kompyuta, kwa hiyo nikimaliza tangazo, kuanzia Septemba nitafanyia kazi nyumbani kwa miezi sita, na baada ya hapo tutaona. Futa ile alama nyekundu ukutani, weka nyingine.

Nina neno moja ambalo wiki tatu zote nililimeza. Sikukuandikia kwamba nakuja, kwa sababu nilitaka nisimame mlangoni unijue. Nilijiambia, amenijua miaka yangu yote, amenifundisha kusimama bila kutikisika, atanijua. Nikasimama. Nilikuona umeinua uso, umeelekea kwangu kabisa. Nikasubiri. Halafu ukasema, "Weka mezani, Bwana Barua."

Najua ni upuuzi. Najua huoni. Tulikumbatiana baadaye, tukacheka, ukanishika uso mzima kwa vidole ukasema nimekonda kweli. Lakini ndani ya ndege nililia njia nzima, na jirani yangu wa kiti akaomba abadilishiwe kiti. Nimekuwa mbali mno, Baba, hata kivuli changu kimefanana na cha mtu wa ankara.

Mwanao,
Rula


25 Mei

Mwanangu Rula,

Marahaba. Mimi mzima, na ukuta umeshapigwa alama ya Septemba. Fundi cherehani alitaka kunichorea, nikamnyang'anya brashi.

Barua yako imesomwa mara moja tu. Sikutaka isomwe tena.

Sikiliza. Bwana Barua akija, mwanga unashuka, unarudi, amekwenda. Ana haraka, ana nyumba nyingi. Fundi cherehani akija, mwanga unatikisika, maana hawezi kusimama bila kuhamisha mguu. Siku ile mwanga ulishuka ukabaki chini. Haukutikisika. Nilihesabu kimya kimya hadi arobaini, na hapo katikati ningeweza kusema "achia".

Nilijua ni wewe, Rula. Nilijua kabla hujamaliza kusimama.

Lakini nilikuwa nimeshaliita jina lako mara mbili pale mlangoni na hukuwa wewe. Nikaogopa ya tatu. Nikajiambia, nikisema Bwana Barua na akawa ni Bwana Barua, basi, siku itaendelea. Nikisema Rula na isiwe wewe, sidhani kama ningeinuka tena kwenye kile kiti. Ni woga tu. Wala si kwamba kivuli chako nimekisahau.

Septemba ukija, usiandike siku. Simama pale pale, usiseme kitu, unipe muda wako wote wa kuhesabu. Nitakuita.

Ni mimi,
Baba yako